Anayetaka Kusoma Torati Apewe Viza

Desemba 2017, kijana Mkenya kutoka Kasuku, kaunti ya Nyandarua, alitua kwenye uwanja wa ndege wa Ben Gurion. Alikuwa na viza ya ubalozi wa Israeli wa Nairobi na mwaliko wa kusoma katika yeshiva, yaani chuo cha Torati, ya Wayahudi wa Kikonsavativu mjini Jerusalem. Hakufika darasani. Alizuiwa uwanjani, akapandishwa ndege ya kurudi kupitia Addis Ababa. Mwaka uliofuata, katika shauri la kijana wa Uganda aliyeomba kuhamia Israeli, Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo ilitamka kwamba haiitambui jamii yake, Abayudaya wa Mbale, linapokuja suala la Sheria ya Kurudi, inayowapa Wayahudi haki ya uraia.

Ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakoniudhi. Nani apewe uraia ni swali la dola. Nani aruhusiwe kukaa mbele ya kitabu na mwalimu ni swali jingine kabisa. Kijana anayetafuta imani yake asifungiwe darasa eti kwa sababu jamii yake bado inabishaniwa. Kumfungia ni dhuluma, na ni kwenda kinyume cha dini ileile inayodaiwa kulindwa.

Abayudaya si watu wa jana. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa amevunjika moyo na Waingereza, alijitahiri pamoja na wanawe na kuanza kushika sheria za Musa huko Mbale. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, wengi waliiacha, na waliobaki walisali kwa siri hadi alipoanguka mwaka 1979. Mwaka 2002 mamia yao walipitia taratibu rasmi za kuongoka mbele ya marabi wa Kikonsavativu. Mwaka 2008 kiongozi wao, Gershom Sizomu, alihitimu urabi Los Angeles, kisha akarudi kilima cha Nabugoye kufundisha. Mwaka 2016 Shirika la Kiyahudi la Israeli liliwatambua. Wale wa Kasuku walitoka katika kanisa la Kimasihi, wakajifunza mengi kwa majirani zao hao wa Mbale.

Wanaoitetea wizara wana hoja zao. Kila nchi ina haki ya kulinda mpaka wake, na Kongo yetu pia inadai viza. Wizara ilieleza kwamba Mkenya yule hakutaja ombi la awali lililokataliwa. Wapo wanaohofia kwamba masomo yatageuzwa kichaka cha watafuta kazi. Marabi wa Kiorthodoksi nao hawakubali uongofu unaosimamiwa na Wakonsavativu. Haya yana uzito wake, lakini kosa la fomu hurekebishwa kwenye fomu, mtafuta kazi hujulikana akikosa darasani, na ugomvi wa marabi wa Jerusalem haukuanzishwa na vijana wa Nyandarua.

Hoja ninayoiona kubwa kuliko zote ni hii: katika Uyahudi, kusoma ndio mlango wenyewe wa kuingilia.

Tazama kinachofanyika ndani ya yeshiva. Ukurasa wa Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi wa kale, una sheria na mjadala wake katikati. Upande wa ndani, karibu na mshono wa kitabu, yako maelezo ya Rashi, mwalimu wa Ufaransa wa karne ya 11. Upande wa nje wapo Tosafot, waliomfuata na mara nyingi wakampinga. Maandishi ni ya Kiebrania na Kiaramu, hayana irabu wala vituo. Wanafunzi huketi wawili wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anamkatiza na kumhoji kila kifungu, wanabishana, ndipo mwalimu anapowapitia. Mtu hawezi kujifunza hivyo peke yake kijijini, akiwa na simu na tafsiri mkononi. Hata sala muhimu zinadai watu wazima kumi. Ni dini inayofundishwa kwa kukaa pamoja.

Na Talmudi yenyewe inaeleza namna ya kumpokea mgeni. Kwanza aulizwe kwa nini anataka kujiunga na watu wanaoteswa. Akijibu kwamba anajua na kwamba hastahili, apokewe papo hapo, afundishwe baadhi ya amri, nyepesi na nzito. Kisha huja tohara kwa mwanamume, na kuzamishwa majini mbele ya mashahidi. Hakuna mahali anapotakiwa kuonyesha kwanza kibali cha wizara.

Sasa kijana kama yule wa Kasuku anaweza kuambiwa elimu yake ya dini haitoshi kwa kuwa hakuipata mahali panapotambuliwa. Akiomba kwenda panapotambuliwa, anarudishwa. Sisi wa Kolwezi, huku Katanga, tunaujua mzunguko huu: kampuni za migodi zinadai uzoefu wa miaka kadhaa kwa kijana mwenye diploma, na hakuna hata moja iliyo tayari kumpa kazi ya kwanza. Mwisho wa yote, analaumiwa yeye kwa kukosa kile alichonyimwa.

Katanga ina ushahidi wake wa thamani ya kumpa kijana nafasi ya kusoma. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walianza kufika huku mwanzoni mwa karne iliyopita, wakafungua maduka Élisabethville (Lubumbashi ya leo), Jadotville na baadaye Kolwezi. Sinagogi yao ya Lubumbashi, iliyokamilika mwaka 1930, ingali imesimama. Mwaka 1937, mwaka ule ule Kolwezi ilipoanzishwa, walimpata rabi Moïse Levy, aliyewatumikia hadi 1991. Levy alikuwa kijana wa chuo cha marabi cha Rhodes, kilichofunguliwa mwaka 1928 na kufungwa mwaka 1938 kwa sheria za kibaguzi za Italia. Chuo kilidumu miaka kumi tu, lakini mhitimu wake mmoja aliihudumia Katanga kwa zaidi ya nusu karne. Julai 1944 Wajerumani waliwachukua Wayahudi wa Rhodes zaidi ya 1,600, na walionusurika hawakuzidi sana 150. Kilichobaki cha mafunzo ya kisiwa kile kiliendelea kuishi huku kwetu, kwa sababu kijana mmoja alikuwa amepewa nafasi ya kusoma kabla mlango haujafungwa.

Anayeijua historia hiyo hawezi kusema kwamba nafasi moja ya masomo ni jambo dogo. Kumrudisha mwanafunzi mmoja uwanjani ni kumnyima mwalimu kijiji kizima kilichokuwa kikimsubiri.

Ndiyo maana sina subira na wanaoniambia tungoje marabi wapatane. Agosti 2018, miezi michache tu baada ya tamko la wizara, vijana wapatao 40 wa Abayudaya walipokewa Israeli kwa ziara ya siku kumi ya Birthright, mpango wa kuwatembeza vijana Wayahudi nchini humo. Walitembezwa, wakapigwa picha, wakarudi Mbale. Kwa hiyo wanafaa kuwa watalii wa imani yao, ila kuwa wanafunzi wake ni vita! Huo si ulinzi wa mpaka. Ni kumpima kijana kwa pasipoti na rangi yake, na watu walioandamwa kwa asili yao karne nyingi walipaswa kuwa wa mwisho kulivumilia jambo hilo.

Wizara itenge viza ya masomo na suala la uraia. Iweke muda, idai barua ya chuo na mahudhurio, kisha imwache mwanafunzi afungue kitabu. Wayahudi wa Kikonsavativu waliowaongoa watu hawa nao wasikomee kulalamika magazetini: wapeleke walimu Nabugoye na Kasuku, miaka na si wiki. Na sisi wa Kolwezi, tunaoiombea Israeli makanisani kila Jumapili, tuwatetee pia Waafrika waliochukua Torati yake kwa dhati. Akishasoma, marabi wamtahini na kuamua wanavyoona. Lakini hawana haki ya kumfelisha mtu waliyemzuia kuingia darasani.