Takataka ya Lubumbashi inapanda mu anga. Na sisi?

Vijana wenzetu,

Ule mulima mweusi wa Lubumbashi, pembeni ya shemine, tumeuzoea. Tunauita terile, tunasema ni takataka. Ni mabaki ya shaba, babu zetu walianza kuiyeyusha pale mwaka 1911, wakati wa Union Minière.

Lakini ndani yake muko germaniumu. Kule juu mu anga hakuna hewa ya kukinga satelaiti. Miale inapiga chipi ya kawaida, 0 inageuka 1, kompyuta inakosea ao inakufa kabisa. Hata seli za jua zinachoka mbio. Ndiyo maana satelaiti nyingi zinabeba seli zilizojengwa juu ya kipande chembamba cha germaniumu: zinavumilia miale kupita zile za silisiumu. Ukichanganya germaniumu na silisiumu, unapata pia chipi zenye kuvumilia.

Mwaka 2023 China ilibana uuzaji wa germaniumu inje, na dunia ikaanza kuitafuta. Mwaka 2024 STL, kampuni ya Gécamines, ikaanza kuituma Ubelgiji, kwa Umicore. Umicore ni nani? Ni Union Minière, iliyobadili jina mwaka 2001. Jina ni jipya, njia ni ile ile.

Hatukatai biashara. Kugeuza takataka kuwa mali ni kazi nzuri, na kiwanda kiko kwetu. Lakini kipande cha satelaiti kinatengenezwa kule, na ni pale bei inapanda.

Sheria iko. Tangu 2018 germaniumu ni madini ya kimkakati, kodi yake 10%. Mu ile kodi, 25% ni ya jimbo, 15% ni ya wenyeji kupitia komini ao sekta yao, 10% ni ya mufuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo ni nani, kama si sisi?

Kwa hiyo tunaomba vitu tatu:

1. Mukataba uelezwe hadharani, mu lugha mama zetu wanaelewa.
2. Kila miezi tatu watuonyeshe kilo ngapi zimetoka, bei gani, kodi imefika wapi.
3. Wanafunzi wa Lubumbashi wafundishwe kusafisha germaniumu mpaka mwisho, hapa hapa.

Wewe wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi: uliza burgumestre wako ile 15% iko wapi. Uliza kwa heshima, bila fujo, bila woga. Asipojibu, rudia kesho na wenzako kumi.