Tunaomba Saa Zetu

Sisi wapiga litungu, waimbaji wa kwaya, wachora mabango, walimu wa drama na vijana wa kamera, kuanzia Kanduyi hadi Chwele hapa Bungoma, tumechoka kuitwa kwenye semina za ubunifu. Mkufunzi huja na karatasi kubwa na kalamu za rangi, anaomba kila mmoja ataje wazo, anayabandika mawazo ukutani, tunakula chapati, tunatia sahihi, tunarudishiwa nauli. Mawazo tunayo, bwana! Mengine tumekaa nayo hadi yameanza kunuka. Kinachotuishia ni saa, na zinaliwa mchana kweupe.

Siku ya sherehe, kikundi kinaambiwa kifike alfajiri, kikaguliwe, kikae juani na njuga miguuni. Mgeni wa heshima anaingia adhuhuri, ving'ora vikimtangulia, na hapo ndipo kijana wa itifaki anapotukimbilia: “Wazee, mko na dakika tatu. Rukeni hizo beti za katikati.” Beti za katikati ndizo zilizobeba maneno! Kisha mheshimiwa anashika kipaza sauti na kuhutubu mpaka jua linapinda, kuhusu umuhimu wa kukuza vipaji.

Juni 1, 2024, Siku ya Madaraka ililetwa Bungoma, katika uwanja wa Masinde Muliro. Uwanja ukakarabatiwa, kwaya zikaimba, nchi nzima ikatazama. Hatulalamikii siku ile, ilitupendeza. Tunachouliza ni kwa nini wimbo unaotungwa kwa ajili ya sherehe huzikwa sherehe inapoisha. Hakuna anayeurekodi vizuri, hakuna anayeuhifadhi, na mwaka unaofuata tunaambiwa tutunge mwingine, haraka, wenye jina la mheshimiwa mpya.

Shuleni ni yale yale. Mwalimu anaandika mchezo likizo ya Desemba, watoto wanaukariri muhula wa kwanza wote, kisha unaanza kupanda ngazi: kaunti ndogo, kaunti, eneo, taifa. Michezo mingi huanguka ngazi ya kwanza, ikafungiwa kabatini pamoja na mavazi, panya wakawa hadhira ya mwisho. Mbona isichezwe siku ya soko pale Kimilili? Mbona mama aliyelipa karo asimwone mwanawe jukwaani? Halafu tazameni maajabu: mchezo wa shule uliotajwa kuliko yote nchini Aprili 2025 ni Echoes of War wa wasichana wa Butere, majirani zetu, na ulitajwa kwa sababu kwenye mashindano ya taifa kule Nakuru haukuigizwa. Polisi walirusha vitoza machozi, na ghafla kila genge la mboga likawa na mhakiki wa tamthilia.

Lakini mwandishi Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma hii hii, alitoa riwaya ya Siku Njema mwaka 1996. Alimtoa mhusika wake, Kongowea Mswahili, Tanga akamfikisha Kitale, na wazo hilo moja likasomwa mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyemwambia ambadilishe Kongowea kila msimu wa kampeni.

Ofisini nako tuna yetu. Unapeleka pendekezo, umelipiga chapa kwa pesa zako, unaambiwa “rudi Alhamisi”. Alhamisi mkubwa yuko semina (ya ubunifu, bila shaka). Miezi inapita, siku moja unalikuta wazo lako linatembea barabarani likiwa limevaa fulana za mtu mwingine. Ukilia unaambiwa ungesajili. Wanaojua sheria wametufafanulia: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda kazi iliyoandikwa au iliyorekodiwa, wazo tupu halina mwenyewe. Sawa, tumesikia. Basi turekodi. Turekodi wapi, ikiwa ukumbi wa umma unafungwa watumishi wa serikali wanapotoka kazini, na mwenye ufunguo anakwenda nao kwake? Mchana wengi wetu tuko kwenye bodaboda, kwenye mashamba ya miwa, au kwenye vibanda vya vinyozi. Jioni ndiyo saa yetu ya sanaa, na jioni ndipo stima hupenda kupotea.

Wala msituambie kwamba watu wa hapa hawajui kumpa msanii muda. Akifa mzee wa kuheshimika wa Kibukusu, baada ya mazishi huitwa msemaji wa kumuse. Anasimama uwanjani bila karatasi, anatembea huku na huku, anasimulia chimbuko la watu na koo zao, anaonya, anakemea, na umati umetulia. Hakuna anayemnong'oneza kwamba amebakiza dakika tatu. Mheshimiwa akichelewa, basi amechelewa yeye. Utaratibu huo hatukufundishwa na mkufunzi yeyote, na tunashangaa kwa nini unaishia matangani.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Kumbi zifunguliwe jioni na wikendi, ufunguo uachwe kwa bawabu. Ratiba ikisema saa nne, iwe saa nne. Tukikalishwa hadi saa nane, tulipwe kwa kukaa. Walimu waruhusiwe kuzungusha michezo yao vijijini baada ya mashindano, hata kwa kiingilio cha shilingi ishirini. Na Agosti ya mwaka wa shufwa, msimu wa tohara ya Kibukusu, ndipo wenye kamera humiminika kutoka mbali wakitaka “kitu kidogo cha kitamaduni”, leo leo, bure, eti tutajulikana. Waje Machi tupange. Bei tumeshaiandika, iko kwa katibu wa kikundi, na malipo ya kungoja yamo.