Fotokopi Haiwezi Kuiga Erbiamu

Wasee wa Embu na Meru, leo tugombane kidogo.

Kila chupa ya pombe kali ina stika ya KRA. Ukitaka kujua kama ni ya ukweli, unaambiwa uweke programu ya Soma Label kwa simu, uskani. Sawa. Saa nne usiku pale Runyenjes ama Maua, nani hufanya hivyo? Msee ana kabambe, hana bando, na taa za baa ni za kuotea.

Mei 2014 pombe yenye metanoli iliua watu Embu na kaunti zingine, wengine wakabaki vipofu. Metanoli huwezi kuionja ukaijua. Halafu leo mlevi ndiye ajilinde na simu? Apana.

Sayansi ya kusaidia iko. Kuna chembe ndogo sana, chini ya nanomita 100, zinazotiwa ioni za iterbiamu na erbiamu. Zimulike kwa infraredi ya nanomita 980, ambayo jicho halioni. Iterbiamu inameza ile nishati, inampokeza erbiamu, inarudia tena, na erbiamu ikishashiba inatoa kijani. Soma tena hapo. Vitu vingi vinavyong'aa humeza mwanga wenye nguvu na kutoa mwanga dhaifu zaidi. Hizi zinafanya kinyume, na ndiyo maana ni ngumu kuzifeki.

Weka hizo chembe kwa wino wa stika. Fotokopi ya River Road itaiga picha, itaiga hata QR. Erbiamu haitaiga.

Najua mtasema chupa ya ukweli hujazwa sumu tena. Kweli, mwanga unathibitisha stika, hauonji kilicho ndani. Basi stika ikae juu ya kifuniko, ipasuke ukifungua. Mtasema pia ni ghali. Ghali kuliko jeneza?

Kila kaunta iwe na kijiboksi kilichofungwa vizuri, kwa sababu leza ya infraredi inaunguza jicho na huioni (msianze kuchezea). Unaingiza shingo ya chupa, unachungulia kwa kioo kinachozuia infraredi. Kijani, unalipa. Hakuna kijani, unaenda zako.

Nani aunde? Meru tuko na MUST pale Nchiru, Embu kuna University of Embu. Si lazima kila project ya mwaka wa mwisho iwe app ya kuuza miraa, jamani. Kama unasoma fizikia ama kemia huko, mpelekee msimamizi wako hii wiki hii. Akikataa, niambie alitoa sababu gani.