Historia si Karatasi ya Karanga

Wapo wasomi katika mji huu wanaoamini kwamba mzee mwenye mvi akionekana ameinama kwenye meza ya magazeti ya zamani pale Posta, akitafuta kijarida cha katuni, basi akili zimeanza kumruka. Baadhi yao ni walimu wastaafu wenzangu. "Mwalimu," huniambia, "pamoja na mvi zako zote, unamkusanya Lodi Lofa?" Naam, ninamkusanya. Na leo nawajibu, maana kimya changu wamekidhani kuwa ni aibu.

Kwanza, wajue wanachokidharau. Sani, jarida ambalo jina lake ni silabi za mwanzo za majina ya waasisi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, lilisomwa na watu ambao riwaya haikupata kufika mikononi mwao. Nimeona kwa macho yangu nakala moja ikipita mikono sita ndani ya daladala moja la Kariakoo. Humo alikuwamo Ndumilakuwili, ambaye jina lake latosha kueleza tabia yake. Alikuwamo Lodi Lofa, ambaye ulodi wake uliishia kwenye jina. Kabla yao tulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Na baadaye wakaja Kingo wa James Gayo na Kipanya wa Ali Masoud.

Sasa nauliza: atakayetaka kujua watu wa mji huu walisemaje, walivaaje na walidanganyanaje miaka ya 1990, tulipokuwa tukijifunza vyama vingi na soko huria kwa wakati mmoja, atakwenda wapi? Kwenye hotuba? Hotuba huandikwa ili isisikike kama mazungumzo ya mtaani. Neno la mtaani hufa haraka. Kamusi hulikawiza, katuni hulidaka lingali na joto.

Wengine hunishauri kwamba kama ni lazima nikusanye, basi nikusanye mashujaa wa Marekani, wale wanaopaa, kwa kuwa wana bei. Ushauri huo una kasoro mbili. Kwanza, shujaa wao husimamisha treni kwa kifua, wakati wetu hushindwa na mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Mimi namwelewa zaidi huyu wa pili. Kasoro ya pili ni hesabu. Mwaka 1991 toleo la kwanza la X-Men liliuza zaidi ya nakala milioni 8. Mwaka 1992 toleo la kifo cha Superman liliuzwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, na watu wakanunua nakala mbilimbili wakiota utajiri. Soko likaanguka, na mwishoni mwa 1996 kampuni ya Marvel ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Kitu kilichohifadhiwa na kila mtu kitapandaje bei?

Hata hivyo, tamaa yao iliwaachia historia nzima, haina ukurasa uliopungua. Sisi ambao hatukuwa na tamaa hiyo tumebaki na nini? Sheria ya huduma za maktaba ya mwaka 1975 inawataka wachapishaji wapeleke nakala za machapisho yao kwenye maktaba ya taifa. Sheria hiyo ni njema. Lakini hakuna sheria iwezayo kumzuia baba mwenye nyumba kuuza majarida kwa kilo kwa mfungaji karanga. Na mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, karatasi ya zamani ilizidi kutafutwa.

Shuleni nako hali ni ileile. Katika shule moja niliyopata kufanya kazi, nilikuta boksi la majarida yaliyonyang'anywa wanafunzi likisubiri kuchomwa pamoja na takataka. Nililiomba, nikalibeba. Ndilo shina la mkusanyiko wangu.

Wanasema humo mlikuwa na picha za ovyo. Zilikuwamo. Hata mjini zimo, wala hatujauchoma mji. Mtunza kumbukumbu hachagui mazuri peke yake. Akifanya hivyo amekuwa mpambe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikuta Sani au Kingo chini ya kitanda cha marehemu baba, usione haya na wala usiuze kwa kilo. Andika kwa penseli mahali ulipolikuta na lilikuwa la nani, kisha lipeleke maktaba au shuleni, na udai lipokewe. Nawe mwalimu kijana, wape wanafunzi ukurasa mmoja wa mwaka 1995, waambie waeleze kila neno wasilolijua. Watakaporudi nyumbani kuwauliza wazazi, somo la historia litakuwa limeanza.