Nambari kwenye anwani si kitambulisho

Leo nina hasira, mniwie radhi.

Juzi hapa Nawoitorong, karibu na Lodwar, mama jirani aliniomba nimtazamie ombi la basari la bintiye. Anwani iliishia basari/ombi/412. Nikaandika 413. Likafunguka ombi la mtoto wa wenyewe: jina, kijiji, hali ya wazazi. Nilifunga kwa aibu.

Sikuuona msimbo wake, lakini ugonjwa naujua. CodeIgniter ilipotoka 2006 ilituzoesha $this->uri->segment(3), nasi tukaibeba nambari hiyo moja kwa moja hadi kwenye hifadhidata. Msiilaumu. Kazi yake ni kuikata anwani kwenye mikwaju, basi. Hata ukiweka (:num) kwenye ruti, utajua tu kwamba ni tarakimu. Hutajua aliyeileta ni nani.

Kuna wanaosema tuweke herufi ndefu zisizokisika badala ya nambari. Kuuficha mlango si kuufunga!

Dawa ni sharti moja: tafuta ombi lenye nambari hiyo NA linalomilikiwa na akaunti iliyoingia. Likikosekana, toa 404. Ni mstari mmoja tu, jamani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatudai tulinde taarifa za watu. Na pale Kakuma, wapo waliokimbia wanaowawinda. Rekodi moja ikivuja yaweza kugharimu uhai.

Anwani huandikwa na mgeni yeyote. Mgeni tunamkaribisha sebuleni, hatumpi funguo za kila chumba.

Anayebisha, aje tubishane.