Ukuta wa Pamoja Hauvunji Sitara



Ndugu wasomaji, mtaani kwetu hapa Kigali umezuka mjadala. Mtaa wetu ni wa viwanja vikubwa, kila kiwanja nyumba moja. Sasa mwenye kiwanja mmoja anataka kujenga nyumba nne zilizoungana, ukuta kwa ukuta. Baada ya umuganda wa mwezi uliopita, wakazi walipokaa kuzungumza, waliopinga walikuwa wengi. Kupinga ni haki ya kila mkazi. Kilichotusikitisha sisi walimu wa madrasa ni kuwaona Waislamu wenzetu wakiuvisha upinzani huo kanzu ya dini: eti nyumba zilizoungana zinavunja sitara, eti familia ya Kiislamu lazima izungukwe na ua wake pande zote nne.

Tunauliza: sharti hilo limetoka wapi?

Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumzuia jirani yake kuchomeka boriti katika ukuta wake. Na Abu Huraira mwenyewe aliwalaumu watu wa zama zake alipowaona wanaipa kisogo amri hiyo. Wanazuoni wamekhitalifiana: Imam Ahmad ameona ni wajibu, wengi wengine wameona ni jambo linalopendekezwa. Lakini khitilafu yao ni juu ya haki za majirani wanaogusana ukuta. Haikuwa juu ya uhalali wa kugusana.

Uislamu ulifika Rwanda pamoja na wafanyabiashara na askari waliotoka upande wa pwani. Basi tuitazame miji ya huko. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja nyumba za mawe zimebanana. Lamu kuna hata wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili. Sitara yao waliipata kwa daka la kuingilia, kwa ua wa ndani na kwa adabu ya kubisha hodi. Hawakuitafuta kwenye upana wa kiwanja.

Tuseme ukweli, basi. Wapo wanaoogopa wapangaji. Wapo wanaoogopa bei ya viwanja vyao kushuka. Hayo ni mambo ya dunia na yana mahali pake pa kujadiliwa. Wayaseme hivyo hivyo, wasiyabebeshe dini.

Sensa ya 2012 iliikuta Kigali na watu milioni 1.1. Ile ya 2022 ilihesabu 1,745,555. Jiji lina kilomita za mraba 730 tu, na ndani yake mna miteremko mikali na mabonde ya maji yasiyofaa kujengwa. Watu wameongezeka, ardhi haikuongezeka. Kiwanja kimoja kikichukua familia nne, gharama ya ardhi hugawanyika kwa nne, na ukuta mmoja ukitumikia nyumba mbili, tofali na saruji hupungua. Hiyo ndiyo nafuu anayoitafuta kijana anayeanza maisha.

Tunaye kijana tuliyemsomesha tangu alifu, leo anatusaidia kusomesha watoto wa mtaa huu huu. Alipooa alitafuta nyumba karibu akakosa. Nyumba kubwa kodi yake haiwezi, na nyumba ndogo hapa hakuna. Amehamia pembezoni mwa jiji. Anapanda gari mbili kufika darasani, na Alfajiri hatumuoni tena msikitini kwetu. Halafu wazee wale wale waliopinga wanatuuliza: vijana wamekwenda wapi?

Hatusemi kila mjenzi apewe ruhusa afanye atakalo. Kudhuru jirani ni haramu, nyumba ikiwa imeungana au imejitenga. Kwa hiyo tudai masharti. Ukuta wa kati uwe mnene na upande hadi kwenye paa, kuzuia kelele na moto. Madirisha yasichungulie ua wa mtu. Maji ya mvua yawekewe mifereji, yasimwagikie aliye chini mteremkoni. Maji taka yapangiwe njia kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Na iandikwe mapema nani ataukarabati ukuta wa pamoja ukipasuka, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia hapo. Mjenzi akikataa masharti hayo, nasi tutasimama pamoja na wanaopinga.

Akiyakubali, tutakuwa na hoja gani mbele ya Allah (s.w.t.), aliyetuamrisha kumtendea wema jirani wa karibu na wa mbali? Mwenye chumba kimoja cha ukuta wa pamoja ni jirani kama mwenye ghorofa na bustani.

Wazazi, mkutano ujao njooni. Kabla hamjanyoosha mkono kupinga, kila mmoja awahesabu watoto wake, ajiulize wakioa na kuolewa wataishi wapi.

Wabillahi tawfiq.