Chipu ya mwanga isubiri zamu yake

Mitambo ya kugawana funguo za siri kwa chembe za mwanga ilikuwa ikijaza meza nzima ya maabara. Sasa inaingia kwenye chipu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walionyesha kitumaji na kipokezi vya namna hiyo vikifanya kazi, na miaka minne baadaye Toshiba ikatangaza mfumo kamili wa chipu uliotengenezwa Cambridge. Ni ufundi wa kuvutia, na utashusha bei. Lakini bei siyo kikwazo kikuu; kikwazo ni umbali, na hapo chipu haina dawa. Kwa mbinu waliyoibuni Charles Bennett na Gilles Brassard mwaka 1984, anayeichungulia fotoni, yaani chembe ya mwanga, njiani huivuruga, na makosa yanayotokea humfichua. Kwa sababu hiyohiyo fotoni haiwezi kukuzwa njiani. Katika faiba ya kawaida, kila kilomita 50 humeza sehemu tisa kati ya kumi za mwanga. Ukifika kilomita 300 imebaki fotoni moja kati ya milioni. Ndiyo maana njia ya China kati ya Beijing na Shanghai, yenye kilomita zipatazo 2,000, ilijengewa vituo zaidi ya 30, na katika kila kituo ufunguo hufunguliwa na kufungwa upya. Mwenye kukishika kituo ameshika siri. Mkongo wa Dar es Salaam hadi Mwanza nao ungedai vituo vya namna hiyo, kila kimoja na walinzi wake.

Njia mbadala ni kufunga siri kwa hesabu. Watetezi wa chipu watasema hesabu nazo huvunjwa. Ni kweli: mwaka 2022 mbinu ya SIKE, iliyokuwa bado kwenye mchujo wa Marekani wa kuchagua hesabu za kufungia siri, ilivunjwa na kompyuta ya kawaida kwa takriban saa moja. Ila mchujo huwekwa kwa kazi hiyo. Mitambo ya mwanga nayo si malaika. Mwaka 2010 watafiti wa Trondheim, Norwei, walivipofusha vipokezi vya mifumo iliyokuwa tayari sokoni kwa kuvimulikia mwanga mkali. Zaidi ya hayo, chipu haikuambii unayezungumza naye ni nani. Uthibitisho huo hutoka kwingine, mara nyingi kwenye hesabu zilezile.

Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya hesabu zilizokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta, na mahali pengi huwekwa kwa kusasisha programu tu. Benki zetu na wizara zianze hapo, tena mapema, kwa sababu data inayonaswa leo inaweza kuhifadhiwa ikisubiri mashine ya kuifungua. Chipu zinunuliwe baadaye, kwa njia fupi za ndani ya jiji.